Simu ya Baba Iko Ziwani: Jinsi ya Kuingiza Teknolojia Kwenye Shughuli za Vijana na Familia Mwaloni

Kompyuta tano za mezani zililetwa na gari, zikapigwa picha, zikapangwa kwenye chumba cha nyuma cha jengo tunalofanyia mikutano. Ufunguo akapewa katibu. Katibu wetu ni mvuvi. Akiingia ziwani, na ufunguo umeingia. LUKU ikawa haina mwenyewe wa kuinunua. Baada ya masika mawili kompyuta zilikuwa zimeota kutu migongoni, na ndani ya moja mjusi alikuwa ametaga. Vijana waliokusudiwa kujifunza walikuwa hapohapo nje, chini ya mwembe, vichwa vimeinamia simu zao.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye kwenye kikundi cha vijana, VICOBA, kamati ya wazazi, kwaya au madrasa, kwenye mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, ya ukanda wetu wa Ziwa Victoria: Igombe, Kayenze, Ukerewe, Kome, ng'ambo ya Sengerema. Kama una bajeti ya kujenga kituo cha kisasa, wewe si msomaji wangu. Hapa tunaanza na kilichopo mfukoni.

Hatua ya 1: Hesabu simu, halafu uliza nani anaishika saa ngapi

Piteni nyumba kwa nyumba, wawili wawili, na daftari la mistari. Simu ziacheni mfukoni. Ukiingia kwa mtu huku unabonyezabonyeza simu, anadhani unampiga picha au umetumwa kudai. Siku ya kwanza mama mmoja alitufungia mlango akidhani ni watu wa mikopo ya kausha damu wamefuata rejesho.

Maswali hayazidi matano. Nyumba ina simu ngapi? Ni janja au kitochi? Mchana iko wapi na usiku iko wapi? Inachajiwa wapi, kwa shilingi ngapi? Nani mwingine anaijua namba yake ya kufungulia?

Swali la tatu ndilo lenye mambo. Nyumba inaandikwa ina simu janja, unafurahi, kumbe simu hiyo kila jioni inafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kupanda mtumbwi pamoja na baba. Inarudi alfajiri chaji imekwisha, mwenyewe analala nayo chini ya mto. Kitochi cha mama ndicho kinachobaki nyumbani, na binti wa kidato cha pili anakishika dakika ishirini baada ya kuosha vyombo. Ukituma masomo kwenye simu ya baba saa mbili usiku, umewatumia dagaa.

Waulizeni mama na baba kila mmoja kwa nafasi yake. Mkiuliza mbele ya wote wawili, swali la tano linaweza kuzua ugomvi ambao hamtakuwepo kuuamua.

Hatua ya 2: Panga ratiba kwa mwezi wa angani

Nilichelewa sana kujifunza hili, na sijaliona likiandikwa kwenye miongozo inayoletwa kutoka mjini. Mkutano wa "Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi" mwaloni haufanyi kazi. Dagaa wanavuliwa gizani: taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, nyavu inawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu ya kuwavuta, na wavuvi wanapumzika. Hizo ndizo siku baba yupo nyumbani, anashona nyavu, ana usingizi wa kutosha na ana maneno. Unamtaka baba kwenye kikao cha familia? Mwite mwezi ukiwa mpevu. Giza likirudi, utaongea na viti.

Kwa kuwa mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi, siku hizo zinasogea kila mara kwenye kalenda ya ukutani. Mwanzoni mwa mwaka chukueni kalenda, mzungushie duara kila siku ya mwezi mpevu, na vikao vya familia nzima viwekwe ndani ya siku tatu kabla au tatu baada. Kalenda hiyo ibandikwe ofisi ya BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, pale ambapo kila mwenye mtumbwi anapita.

Akina mama wana saa yao nyingine. Asubuhi wanapokea dagaa, wanaanika, mchana wanageuza, na kuanzia kama saa tisa wanaanua. Kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni ndipo mikono inapokuwa mitupu kidogo. Lakini wingu likitanda, usimshangae mtu anayekimbia katikati ya somo. Funga kifaa, ukasaidie kukusanya. Ukifanya hivyo mara moja tu, mahudhurio ya wiki inayofuata utayaona mwenyewe.

Vijana wa bodaboda wanapatikana saa tano mpaka saa nane mchana, abiria wakipungua. Wanafunzi ni Jumamosi asubuhi. Kuanzia Machi hadi Mei msitegemee spika chini ya paa la bati: mvua ikianza, hata ungekuwa na spika ya harusi hakuna atakayesikia.

Hatua ya 3: Bisha hodi panapostahili

Mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji wa kata, viongozi wa BMU, mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ajulishwe mapema, na kama mtakuwa na watoto, afisa ustawi wa jamii naye. Nendeni na karatasi moja inayosema mtafanya nini, wapi, siku gani, na nani anawajibika. Karatasi ya pili hakuna atakayeisoma.

Hatua ya 4: Chagueni shida moja, na iwe inayomuuma kila mtu

Vikundi vingi vinakufa kwa kutaka kufundisha kila kitu: kompyuta, ujasiriamali, afya, Kiingereza. Chagueni shida moja kwa miezi mitatu. Sisi tulichagua utapeli wa simu, na hadi leo naamini ndipo milango yote ilipofunguka, maana hakuna ukoo ambao haujaguswa. Kila mtu ameshapata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Kuna aliyetuma.

Tulifanya igizo. Kijana anasimama nyuma ya mlango na kupiga, bibi anapokea mbele ya watu wote, spika imewashwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mwalimu wa shuleni kwa mtoto wako. Ameanguka, tuko naye hospitali, wanataka hela ya vipimo sasa hivi. Usikate simu, mama."

Bibi, ambaye tulishampanga nini cha kusema, alisahau yote akaanza kutetemeka kweli. Hapo ndipo somo lilipoingia, kuliko maelezo yangu ya nusu saa. Kisha tukarudia: safari hii anauliza, "Mtoto yupi? Jina lake nani? Darasa la ngapi?", anakata, na anampigia mwalimu anayemjua.

Mambo ya kufundisha kwa shida hii ni machache. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu. Meseji ya "umepokea" siyo pesa. Angalia salio lenyewe kwanza, ndipo umkabidhi mtu ndoo zake za dagaa. Anayelia kwamba amekutumia kwa makosa, mwambie awasiliane na mtandao wake, wao ndio wanaorudisha. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040, ufuate maelekezo ya kuweka namba ya aliyeituma. Na kila aliyesajili laini kwa namba yake ya NIDA apige *106# aone ni namba gani zimesajiliwa kwa jina lake. Siku tuliyofanya hivyo kwa pamoja, wazee wawili walikuta laini wasizozijua. Kesho yake asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye foleni kwa wakala, wameongozana na wajukuu zao.

Vijana nao wana utapeli wao, ambao hawausemi mbele ya wazazi: ajira ya mtandaoni inayodai "hela ya fomu", mikeka "ya uhakika" ya kubeti inayouzwa kwenye makundi, mkopo wa dakika moja unaosoma majina yote yaliyo kwenye simu yako na kuwapigia mashemeji. Haya yafanyieni kikao chao peke yao.

Shida hiyo ikieleweka, nendeni kwenye nyingine: masomo ya nyumbani, kichocho, hesabu za VICOBA. Kila moja na miezi yake.

Hatua ya 5: Vifaa vichache, na intaneti iwe nyongeza tu

Jiulizeni swali moja kuhusu kila kifaa: bando likiisha, bado kinafanya kazi? Kama jibu ni hapana, kiwe cha mwisho kununuliwa.

Tulichoanza nacho ni spika ya kuchaji, memori kadi kumi, kishikwambi kimoja kilichotumika, na sola ndogo yenye betri. Sauti na video fupi tunaziweka kwenye memori kadi, na vijana wanarushiana kutoka simu hadi simu bila kutumia hata MB moja. Vitochi vingi navyo vinapokea memori kadi na kucheza sauti. Mama anasikiliza somo huku anageuza dagaa. Hakuna kifaa kilichotufikishia watu wengi kuliko hicho, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Mkipata nguvu zaidi, kuna programu ya bure iitwayo Kolibri. Inawekwa kwenye kompyuta moja ndogo au laptopu, kompyuta hiyo inatoa waifai yake yenyewe, na simu zilizo karibu zinaunganishwa na kufungua masomo bila intaneti. Nyingine ni Kiwix, inayobeba Wikipedia ya Kiswahili nzima ikasomeka bila mtandao. Pakueni mkiwa mjini penye intaneti nzuri, mrudi nayo kwenye flashi. Lakini msibebe kila kitu kinachopakulika. Mtoto wa msingi anasoma kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza lugha inageuka ghafla kuwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi wanapozama. Video za hesabu za Kiingereza zina maana kwa huyo wa sekondari, akiwa na mtu pembeni wa kumfafanulia. Kwa mdogo wake ni katuni tu.

Kuhusu kuonyesha video usiku kwa projekta kwenye shuka jeupe: watu watajaa, na wadudu pia. Wale wa ziwani wanaopanda angani kama moshi wanafuata mwanga, na shuka lenu litakuwa jeusi kabla video haijafika nusu. Washeni taa nyingine kali zaidi umbali wa kama hatua thelathini, upande wa ziwani, na projekta msiiwashe mpaka taa hiyo iwe imewavuta. Mzee mmoja anayevua dagaa kwa taa ya karabai ndiye aliyetufundisha, huku anatucheka.

Mchanga, unyevu na mafuta ya dagaa ni maadui wa tundu la chaji. Vifaa vilale kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ndani kitambaa kikavu. Na tengeni hela ya fundi tangu siku ya kwanza; nauli ya daladala mpaka mjini kutafuta kioo au betri ni gharama ambayo bajeti za karatasini huwa zinaisahau.

Hatua ya 6: Nani ataendesha

Wasukuma wana cheo cha zamani cha nsumba ntale, kiongozi wa vijana anayewaita wenzake kwenye kazi ya pamoja na wakaitika. Tafuteni mtu wa aina hiyo. Fundi wa simu anayejua kila kitu lakini hana subira na bibi hafai. Yule binti wa duka la vocha anayejibu swali lilelile mara nne bila kukunja uso ndiye wenu. Wawe wawili kwa kila kifaa, mvulana na msichana, na ufunguo wa ndoo usikae kwa mtu anayelala ziwani.

Walipeni. Iwe posho ndogo, bando la wiki, au asilimia ya mapato ya kuchajia watu simu kwa sola yenu, lakini iwe imeandikwa. Kijana wa kujitolea bila hata maji ya kunywa atavumilia miezi miwili, wa tatu utamkuta Geita kwenye mashimo ya dhahabu, na hana kosa.

Vikao vya wasichana viishe kabla ya jua kuzama, na mama mmoja mtu mzima awepo hadi wa mwisho aondoke. Hili halina mjadala.

Hatua ya 7: Kundi la WhatsApp, na wale wasiokuwemo

Kundi lifunguliwe likiwa na kazi moja, na lifungwe ili viongozi tu waandike. Mkiliacha wazi, siku ya pili kuna pole za msiba, ya tatu siasa, ya nne mtu anauza kiwanja Buhongwa, na tangazo lenu la chanjo limezama chini huko. Tumieni sauti fupi, isiyozidi dakika moja na nusu. Anayejua kuongea Kisukuma au Kikerewe vizuri arekodi. Wazee wanasikiliza mpaka mwisho wakisalimiwa kwa lugha yao.

Kwa walio nje ya kundi, ambao mwaloni ndio wengi, tumeweka wapokezi. Kila kijana mwenye simu janja ana nyumba nne za jirani. Akisikia tangazo, anazipitia kwa miguu, na anarudisha jibu kwa sauti: "Kwa mama Neema nimefika, kwa mzee wa jahazi hawapo." Ni teknolojia ya miguu, ndiyo, na ndiyo inayoziba pengo.

Hatua ya 8: Siri za watu

Simu ya mwaloni inasomwa na nyumba nzima. Kwa hiyo kamwe msitume kwa meseji jambo la kliniki ya mtu, dawa zake, ujauzito wa binti au ugomvi wa nyumbani. Meseji ya "usisahau tarehe yako" imewahi kumletea mama mmoja maswali ya usiku kucha. Semeni tu "fika kikundini", mengine mkayaongee uso kwa uso.

Picha za watoto wakioga ziwani ni nzuri sana kwa ripoti, nazo msizipige. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa lugha ya hapa kwetu: ombeni ridhaa ya mzazi kwa maandishi, kusanyeni majina tu mnayoyahitaji, daftari lifungiwe, na mtu akitaka jina lake lifutwe, lifutwe mbele yake. Mfadhili akidai orodha yenye namba za simu za wasichana, mpeni idadi.

Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa jengo na kwenye kila mfuniko wa ndoo ya vifaa. Haina malipo, hata kitochi kisicho na salio kinapiga. Watoto wafundishwe kuikariri kwa wimbo.

Hatua ya 9: Fedha za kikundi

Sanduku la kufuli tatu bado lina heshima yake, na sishauri mlitupe. Liko wazi: hela inahesabiwa mbele ya macho. Simu inasaidia pale mwanachama anapokuwa kisiwani Ukara na siku ya hisa imefika. Kuna huduma za akaunti ya kikundi kwenye simu, M-Koba ikiwa mojawapo, ambapo kutoa pesa kunahitaji zaidi ya mtu mmoja kukubali na kila mwanachama anapata taarifa. Kabla ya kujiunga pigeni hesabu ya makato kwa mzunguko mzima, mkiwa na karatasi, wote mkiona. Kisha kwa miezi mitatu endesheni vyote viwili, daftari na simu, na kila kikao kijana asome salio la simu kwa sauti huku mweka hazina anasoma la daftari. Yakipishana, msiendelee na ajenda nyingine.

Vijana wakishazoea kutunza hesabu, waonyesheni mlango wa halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye kumbukumbu zinazosomeka kinaanza hatua moja mbele ya kile chenye mdomo tu.

Hatua ya 10: Rudini na daftari

Msihesabu waliohudhuria, soda ikitolewa hata wasiohusika wanahudhuria. Chukueni daftari lile la hatua ya 1, nyumba zilezile, na ulizeni: tangu tuanze, nani hapa amewahi kupiga *106#? Nani alipigiwa na tapeli akakata? Binti anaishika simu kwa dakika ngapi sasa? Pale palipoandikwa ishirini, andikeni jibu jipya pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine.

Nendeni siku ya mwezi mpevu. Baba atakuwepo, anashona nyavu mlangoni. Mwanzeni yeye.